Kabla ya Kulipa Dipositi: Vidokezo vya Kukodi Bedsita Kiamaiko

Kiamaiko ni mtaa wa nyama ya mbuzi. Malori huteremsha mifugo kutoka kaskazini mwa Kenya, machinjio huamka kabla ya mapambazuko, na wenye bucha wa mitaa mingi ya Nairobi huja kununua hapa. Katikati ya shughuli hizo zimepanda ghorofa za bedsita: chumba kimoja, kona ya kupikia, choo na bafu ndani. Kwa anayehama singo rumu ya choo cha ploti nzima, hiyo ni hatua kubwa. Ila ghorofa hizi hazifanani, na ubaya wa nyumba hauonekani kwa anayekuja Jumapili mchana na kuondoka baada ya dakika tano.

1. Njoo mara mbili. Mara ya pili iwe alfajiri ya siku ya kazi, usikie kelele na harufu ya machinjio zinakufikia kiasi gani. Vichochoro viwili tu vinaweza kuleta tofauti. Pita pia usiku kutoka steji hadi mlangoni, uone kama njia ina taa na watu.

2. Kagua jengo kabla ya chumba. Hapa usifanye haraka. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, ghorofa iliporomoka Huruma, mtaa wa jirani, ikaua watu wapatao 50. Ilikuwa kando ya mto, na ilikuwa imeshaamriwa ibomolewe, lakini wapangaji walikuwa bado wanaishi humo. Basi anzia chini. Tazama nguzo: kuna nondo zilizochungulia zikashika kutu? Kuna nyufa za mshazari kwenye pembe za milango? Nguzo moja ikiwa na plasta mpya huku nyingine zote ni kuukuu, uliza sababu. Alama ya X ukutani, ya jengo linalotakiwa kubomolewa, hata ikipakwa rangi juu, si ya kupuuza. Na kama mto uko karibu, usikodi hata kodi iwe ya kutupa. Mafuriko ya Aprili 2024 yalibeba watu na nyumba katika mtaa wa Mathare, na baadaye serikali ikabomoa majengo yaliyokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni.

3. Muulize mpangaji wa ghorofa ya juu habari za maji. Msimamizi atakwambia yapo kila siku. Huyo ana nyumba ya kupangisha. Nairobi maji huja kwa mgao, kwa hiyo uliza ni siku gani yanafika, tenki la paani linatosha wangapi, na stima ikipotea pampu inafanyaje. Kodi ya ghorofa ya sita huwa nafuu, lakini mtungi wa lita 20 ni kilo 20, na ngazi utazipanda wewe.

4. Hakikisha una mita yako ya stima. Katika bei za Kenya Power, mteja wa makazi anayetumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi hulipia bei ya chini kabisa. Mpangaji wa bedsita asiyepikia stima anaweza kubaki hapo. Mkichangia mita moja, matumizi yenu yanajumlishwa, na bei ya kila uniti inapanda hata kwa aliyewasha balbu moja. Omba namba ya mita kabla ya kukubali.

5. Fungua dirisha. Katika ploti nyingine ukinyoosha mkono unagusa ukuta wa jirani. Chumba cha namna hiyo huwashwa taa saa sita mchana, na nguo zinavunda.

6. Lipa kwa jina unalolijua. Usimtumie dalali dipositi kwa simu yake kabla hujaingia ndani ya chumba na kuthibitisha kwa wapangaji kwamba ni kweli kinapangishwa. Kisha dai mkataba wa maandishi, hata ukurasa mmoja: kodi, dipositi, muda wa notisi, nani anarekebisha nini. Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, inalinda nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho bedsita nyingi zimeshakipita zamani. Kwa hiyo mkataba huo ndio utakaokusemea mkikosana.

7. Siku ya kuhamia, piga picha za kuta, sinki, choo na kitasa kabla ya kuingiza godoro, umtumie msimamizi papo hapo. Mzozo wa dipositi huamuliwa na picha hizo.

8. Ukishaingia, endelea kuangalia nguzo. Ufa ukianza kupanuka, au milango ikianza kukwama bila sababu, waambie majirani wote, peleka ripoti kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi na kwa chifu, kisha toka hata kama umeshalipa kodi ya mwezi.