Jua Haki Zako: Kabati Lisilochukuliwa

Mwezi uliopita alinijia seremala wa Ngamiani, mjini Tanga, mtu wa makamo ambaye mikono yake ni fasaha kuliko ulimi wake, akanieleza kwamba mteja mmoja alimwagiza kabati la mvule, akatoa arabuni ya theluthi moja ya bei, kisha akatoweka kwa muda wa miezi minane, simu haipokei na salamu hazirudishi, ilhali kabati limejaza nusu ya banda na kila apitaye hulitamani. Akauliza, kwa sauti ya mtu aogopaye jibu: "Bwana, nikiliuza nitakuwa mwizi?"

Nami nikamjibu kwa suali: "Mbao zilikuwa za nani, fundi?"

Alidhani ninafanya mzaha, kumbe hapo ndipo sheria ya Tanzania Bara inapogawanyika njia mbili. Ikiwa mbao zilikuwa zake mwenyewe, basi yeye ni muuzaji, na mapatano yao yanatawaliwa na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ambayo humruhusu muuzaji asiyelipwa kuizuia bidhaa iliyo bado mkononi mwake, na akimpa mnunuzi taarifa kwamba anakusudia kumuuzia mtu mwingine, na muda wa kiasi ukapita pasipo malipo, anaweza kuiuza bila ya kuitwa mwizi. Lakini asidhani kwamba ameokota embe chini ya mwembe: anachostahili kwa mteja aliyevunja ahadi ni fidia ya hasara aliyoipata kweli, wala si nafasi ya kula arabuni yote na bei ya kabati pia.

Ikiwa mbao aliletewa na mteja, au kitu chenyewe ni cha mteja tangu mwanzo, kama kitambaa kwa fundi cherehani, saa kwa fundi saa, au pikipiki kwa fundi wa gereji, hali inageuka. Hapo kitu ni amana, na mshika amana aliyekitilia kitu hicho kazi na ujuzi wake anayo haki ya kukizuia mpaka alipwe ujira wake, maadamu kazi ameimaliza kwa mujibu wa mapatano. Haki hiyo ni ya kuzuia tu. Kuuza hakumo, kutumia hakumo, na hapa naomba radhi kwa mafundi cherehani ambao kwao koti la mteja huiona harusi kabla ya mwenyewe, kwani anayeitumia amana pasipo idhini huibeba dhima ya lolote litakaloipata, hata kama hakufanya uzembe. Tena, ukimwambia mteja, "Chukua tu, utanilipa mwisho wa mwezi," haki ya kuzuia umeiachilia kwa kinywa chako, na mwisho wa mwezi hutakuwa na kitu mkononi ila deni.

Watu wengi huamini kwamba mapatano yasiyoandikwa si mapatano. Imani hiyo haina msingi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo tangu mwaka 1961 imeshika nafasi ya sheria ya Bara Hindi ya mwaka 1872 iliyotumika Tanganyika, huyatambua maneno ya mdomo ya watu wazima wenye akili timamu waliopatana kwa hiari yao, kwa malipo halali na kwa jambo halali. Hata pale ambapo bei haikutajwa, anayefanya kazi kihalali kwa ajili ya mwenzake, bila nia ya kuitoa bure, na mwenzake akaifaidi kazi hiyo, anastahili fidia. Taabu ya fundi, basi, aghalabu si uhaba wa haki bali ni uhaba wa ithibati, kwa sababu mbele ya hakimu kauli yako na kauli ya mteja huwekwa katika mizani moja, na mwenye kudai ndiye aongezaye uzito upande wake. Daftari la shilingi chache, lililoandikwa kazi, vipimo, bei, arabuni, siku ya kumaliza na nani atanunua vifaa, likatiwa sahihi za wote wawili, lina faida kuliko shahidi aliyekuwa akipita njia. Mteja akisema katikati ya kazi, "Niongezee na droo mbili," andika droo mbili na bei yake siku ileile. Ujumbe wa simu nao usiufute: tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, maandishi ya namna hiyo hupokewa mahakamani.

Daftari hilo lina faida ya pili, kwa mtoza kodi. Katika viwango vya Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, fundi mwenye mauzo ya shilingi 6,000,000 kwa mwaka asiyeweka hesabu alitozwa shilingi 100,000, lakini mwenzake mwenye hesabu alitozwa asilimia 3 ya kilichozidi shilingi 4,000,000, yaani 60,000. Viwango hubadilika, uvikague TRA kila mwaka, na kumbukumbu uzihifadhi miaka mitano. Namba ya mlipakodi hutolewa bure, kwa hiyo anayekutaka ada kwa ajili yake anakughilibu.

Lipo jambo ambalo wenye makampuni ya ujenzi wasingependa nilitaje. Mwashi anayefika kazini kila siku kwa mtu mmoja, kwa saa alizopangiwa, na kwa vifaa alivyopewa, huenda anaitwa "fundi wa kujitegemea" kwa jina tu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 huielekeza mahakama imdhanie kuwa mwajiriwa, mpaka kinyume chake kithibitishwe, hata ikiwepo alama moja tu kati ya zilizotajwa, mojawapo ikiwa ni kumfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Hali yako ikiwa hiyo, huenda unazo likizo na stahiki nyingine ambazo hujaziomba.

Seremala wangu mbao zilikuwa zake. Tulimwandikia mteja barua ya taarifa, tukabaki na nakala, na siku ya kumi na moja mteja alikuja na fedha taslimu. Lau asingekuja, mbali na kuliuza kabati, mlango uliobaki ulikuwa Mahakama ya Mwanzo, ambayo lugha yake ni Kiswahili, na asiyejua pa kuanzia angeweza kumwendea msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Polisi si mahali pa kudaia deni, wala kwa fundi wala kwa mteja.

Na usichelewe, ndugu fundi. Madai ya mkataba kwa kawaida hufa baada ya miaka sita, ila mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na kutia sahihi kabla ya muda huo kwisha, hesabu huanza upya tangu siku hiyo. Ukikutana naye barabarani akakwambia analikumbuka deni lako, mpe kalamu.