Ushindi Gani Tuwatakiao Watoto Wetu?

Kila mwaka shule za sekondari za nchi yetu hupeleka vijana wao, wavulana kwa wasichana, katika mashindano ya UMISSETA. Wazazi wengi walijua jina hilo kwa ufupisho wake tu. Kirefu chake ni Umoja wa Michezo kwa Shule za Sekondari Tanzania. Michezo na shule zimefungwa pamoja katika jina moja, maana uwanja nao ni mahali pa kujifunza. Basi yatupasa sisi wazazi Wakristo kuuliza: katika darasa hilo lisilo na paa, watoto wetu wafundishwa somo gani?

Swali hili twaliuliza tukitazama Kibaha na Kisarawe, katika Mkoa wa Pwani. Hatuzichagui kwa sababu zina makosa kuliko wilaya nyingine. Twazichagua kwa sababu ya sifa za shule zao. Huko Minaki, Kisarawe, wamisionari Waanglikana walihamishia Chuo cha Mtakatifu Andrea kutoka Kiungani, Unguja, mwaka 1925. Katika vilima vya Pugu, njiani kwenda Kisarawe, Wakatoliki walijenga Chuo cha Mtakatifu Fransisko, ambako Julius Nyerere alifundisha tangu 1952 hata 1955. Kibaha nayo ilipata shule yake ya sekondari mwaka 1965, kwa mradi ulioanzishwa kwa mapatano ya 1963 baina ya Tanganyika na nchi za Denmaki, Ufini, Norwei na Uswidi. Mwaka 1970 mradi huo ukakabidhiwa kwetu, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Waanzilishi hawa hawakuwa wa dini moja wala wa taifa moja. Lakini wote walikusudia kulea watu watakaoaminiwa kazi za nchi. Hakuna aliyejenga shule ili kujaza kabati vikombe.

MPINZANI WA LEO NI MWENZI WA KESHO

Tuangalie kwanza jinsi mashindano yenyewe yalivyopangwa. Huanzia shuleni, yakapanda hadi wilaya, kisha mkoa, na mwisho taifa. Wilayani, wachezaji bora wa shule mbalimbali huchaguliwa wakawa timu moja. Mkoani hufanyika vivyo hivyo. Kwa hiyo kijana wa Kibaha aliyepambana na kijana wa Kisarawe juma lililopita, aweza juma lijalo kuvaa naye jezi moja ya Pwani, kulala naye katika bweni moja, na kupanga naye foleni moja ya chakula. Mmoja aenda Misa Jumapili, mwingine huswali Ijumaa, na kila mmoja ajifunza kumngoja mwenzake.

Mzazi na afikiri sana juu ya jambo hili. Mchezaji aliyefundishwa kumkanyaga mpinzani makusudi ili timu yake ipite, huenda amemuumiza yule yule ambaye angempigia krosi siku ya fainali. Mwalimu anayewaambia vijana wake ya kuwa wale wa upande wa pili ni adui, awaharibia timu ya kesho. Utaratibu wenyewe wa mashindano wamwonya.

MAMLUKI

Liko neno moja ambalo kila mwalimu wa michezo alijua, nalo ni mamluki. Ni mchezaji asiye mwanafunzi wa shule ile, naye aletwa siku ya mechi, apewa jezi na jina la mwanafunzi halisi, acheza, kisha aenda zake. Wako wanaolicheka jambo hili kama ujanja wa mjini. Sisi twaona ya kuwa ni dhambi yenye majeruhi wengi.

Wa kwanza ni mwanafunzi aliyenyang'anywa nafasi. Huyu alifanya mazoezi muhula mzima, jioni hata jioni, naye siku ya mchezo aambiwa kukaa benchi ili mgeni acheze. Wa pili ni mamluki mwenyewe, ambaye alipwa nauli na soda, na akivunjika mguu hana shule ya kumtibu wala mwalimu wa kumtembelea. Wa tatu ni wale kumi wengine. Hao wajua. Uwanjani yawalazimu kumwita kwa jina lisilo lake, tena kwa sauti kubwa, mbele ya mwalimu wao, naye anyamaza. Siku chache baadaye mwalimu huyo huyo awakataza kuibia katika mtihani. Je, watamsikiliza kwa sikio gani?

UMRI NA KITABU CHA UBATIZO

Ndugu yake mamluki ni umri wa uongo. Habari hii taifa letu limeionja. Timu yetu ya vijana walio chini ya miaka 17, Serengeti Boys, ilikuwa imepata nafasi katika fainali za Afrika za 2005 nchini Gambia, nayo ikaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji. Vijana waliokuwa na umri halali nao wakakosa safari. Mwaka 2017 mambo yakageuka. Kongo-Brazzaville iliondolewa kwa kutompeleka mchezaji aliyetakiwa kupimwa umri, na Tanzania ikachukua nafasi yake katika fainali za Gabon. Huko vijana wetu walitoka sare na Mali, waliokuja kuwa mabingwa, wakaifunga Angola, wakafungwa na Niger. Hawakurudi na kombe. Lakini kila mmoja alirudi na jina lake mwenyewe.

Siku hizi wakuu wa mpira hupima umri wa vijana hao kwa mashine ipigayo picha ya mifupa ya kifundo cha mkono. Karatasi yaweza kughushiwa, na mfupa haughushiwi kwa urahisi. Lakini sisi Wakatoliki hatungoji mashine. Tunacho kitabu cha ubatizo parokiani, ambamo tarehe ya kuzaliwa ya mtoto iliandikwa siku wazazi na wasimamizi waliposimama mbele ya kisima cha ubatizo. Mzazi atakaye cheti chenye mwaka usio wake, ili mtoto aingie timu ya wadogo, amwomba padre au katekista aandike uongo juu ya sakramenti. Yafaa akataliwe, tena kwa upole, na aelezwe sababu.

JE, KUSHINDA NI KUBAYA?

Huenda wengine watasema twawalea watoto wawe wanyonge. La, sivyo. Mtume Paulo mwenyewe aliwafundisha Wakorintho kwa mfano wa wakimbiaji, akiwataka wapige mbio ili wapate tuzo. Na kwa Timotheo akaeleza ya kuwa mshindani hapati taji asipofuata sheria za mchezo. Maneno haya mawili yaenda pamoja. Mvulana anayecheza kwa uvivu awadharau wenzake waliojitoa, na mwalimu asiyejali matokeo hawezi kuwafundisha bidii.

Tena twajua shida za nyumbani. Wazazi wamemwona Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala, akifika Genk ya Ubelgiji mwaka 2016 na Aston Villa ya Uingereza mwaka 2020, nao watamani mtoto wao awe wa pili wake. Matamanio haya si dhambi. Lakini tuhesabu kwa haki. Katika maelfu wanaocheza kila mwaka, wachache mno watakula kwa mpira. Waliobaki watakuwa wakulima, wauguzi, madereva, walimu na makarani. Hao wote watachukua kutoka uwanjani mazoea waliyoyapata huko. Aliyezoea kungoja zamu yake atangoja zamu yake ofisini. Na aliyezoea kuona jina la uongo likipita, ataliandika mwenyewe siku atakapokabidhiwa daftari la mishahara.

KAZI YA MWALIMU NA KAZI YA MZAZI

Mtakatifu Yohane Bosco aliwataka walezi wa vijana wawe pamoja nao hata uwanjani, kwa kuwa aliona ya kuwa huko ndiko tabia ya kijana ionekanapo wazi. Mwalimu wa michezo anayefuata njia hiyo hutambulikana upesi. Wachezaji wake nyota hubeba mipira na kukusanya koni kama wengine. Wa akiba wajua ya kuwa watapewa zamu. Aliyeanguka katika hesabu asaidiwa na wachezaji wenzake kabla ya kurudi mazoezini. Wakifungwa, waenda kuwapa wapinzani mkono, na mwamuzi pia. Timu kama hiyo yaweza kushindwa mwaka huu na mwaka ujao. Hapo mkuu wa shule na wazazi wasiharakishe kumwondoa mwalimu wake.

Mzazi naye ana sehemu yake. Akimtukana mwamuzi kando ya uwanja, mtoto amesikia. Akijua habari ya mamluki na kukaa kimya kwa sababu shule ya mwanawe imeshinda, ameshiriki uongo ule. Aende kwa mwalimu kwanza, faraghani na kwa heshima, kisha kwa mkuu wa shule ikibidi.

YA KUZUNGUMZA NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA

1. Mtoto arudipo kutoka mechini, ni swali gani twamwuliza kwanza?

2. Ikiwa mtoto wetu aambiwa amwazime mgeni jina lake ili timu ishinde, je, tumemwandaa kukataa? Na akiondolewa katika timu kwa sababu hiyo, tutasimama naye vipi?

3. Ni nani katika timu ya shule yetu ambaye hajapewa nafasi ya kucheza mwaka huu, na nani kati yetu aweza kumuulizia kwa mwalimu wake?