Rivasi Ikikataa Kuingia, Anza na Klachi Kabla ya Kufungua Giaboksi

Kila alfajiri, katika vituo vya kukusanyia maziwa Kinangop na kwingineko Nyandarua, pikapu huingia uani kwa kichwa, kisha hulazimika kurudi nyuma ili zipakiwe. Hapo ndipo tatizo la gia hujitokeza. Gari lililopanda mlima kwa gia ya pili bila shida yoyote linafika, dereva anasukuma gia kwenda rivasi, na kinachosikika ni mkwaruzo wa chuma kwa chuma. Anajaribu mara ya pili, mara ya tatu. Mwishowe anazima injini, anatia rivasi gari likiwa limezimwa, kisha anawasha tena huku amekanyaga klachi.

Ujanja huo wa mwisho ndio wa hatari zaidi. Ikiwa klachi haiachii sawasawa, gari litaruka nyuma pindi stata inapozungusha injini, hata kama mguu wa dereva ungali kwenye klachi. Na nyuma ya gari mara nyingi pana mtu aliyebeba mtungi, au mtoto aliyetumwa kuleta maziwa. Gari lililofikia hatua ya kuwashwa likiwa ndani ya rivasi halifai kupelekwa mahali penye watu hadi litengenezwe.

Hasara ya pili ni ya mfukoni. Wenye magari wengi husikia mkwaruzo huo na kuamini kwamba giaboksi imekufa, nao hukubali kununua nyingine kwa makumi ya maelfu ya shilingi. Wakati mwingine ni kweli giaboksi imekufa. Lakini kama gia zinazosonga mbele bado zinaingia, kitu cha kwanza kushukiwa ni klachi, na huenda dawa yake ikawa chupa moja ya mafuta ya breki na saa moja ya kazi.

Kwa nini rivasi ndiyo hulalamika kwanza

Injini inapounguruma, shafti inayoingia kwenye giaboksi huzunguka nayo. Dereva anapokanyaga klachi, shafti hiyo hutenganishwa na injini, ila haisimami papo hapo. Huendelea kuzunguka kwa sekunde chache, kama pangaboi lililozimwa.

Gia za kwenda mbele zimewekewa pete za shaba ziitwazo sinkronaiza. Kabla meno ya gia hayajakutana, pete hizo husuguana na gia na kusawazisha kasi ya pande zote mbili. Ndiyo maana dereva anaweza kutoka gia ya tatu hadi ya nne bila kusikia chochote. Katika magari mengi ya kawaida, rivasi haina pete hiyo. Meno yake hukatwa yakiwa yamenyooka, si ya mshazari kama ya gia nyingine, na ndiyo sababu gari likirudi nyuma hutoa mvumo ambao haupo linapokwenda mbele. Mvumo huo si ugonjwa.

Kwa hivyo klachi inapoanza kuchoka na kuacha shafti iendelee kuzunguka kidogo, gia za mbele huficha kasoro hiyo kwa muda. Rivasi haina cha kuifichia. Hukwaruza.

Kabla ya kumtafuta fundi, inafaa kuangalia jinsi gari linavyoendeshwa. Rivasi hutiwa gari likiwa limesimama kabisa. Kuitia huku gari bado linabingirika mbele ni kuyavunja meno yake kidogo kidogo. Klachi ikanyagwe hadi mwisho, dereva ahesabu hadi tatu au nne, ndipo asukume gia. Ikikataa bila kukwaruza, huenda meno yamekutana ncha kwa ncha: gia irudishwe frii, klachi iachiliwe, ikanyagwe tena na kujaribu upya. Njia nyingine inayosaidia ni kutia gia ya kwanza kwanza, gari likiwa limesimama, kisha kwenda rivasi moja kwa moja bila kuachilia klachi. Sinkronaiza ya gia ya kwanza huwa imeisimamisha shafti.

Kwa aliyeazima gari la mwenzake, huenda hakuna kilichoharibika. Baadhi ya magari yana pete chini ya kirungu cha gia inayopaswa kuinuliwa kabla rivasi haijakubali, na katika Volkswagen nyingi kirungu hicho husukumwa chini. Kukilazimisha bila kujua ni kukivunja.

Jaribio la dakika mbili

Kuna jaribio ambalo halihitaji spana. Gari liegeshwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, mawe yawekwe nyuma na mbele ya magurudumu, na pasiwe na mtu upande wowote. Injini ikiwa imezimwa, dereva akanyage klachi na kutia rivasi mara kadhaa. Ikigoma mara moja tu si neno, gari lisukumwe kidogo na kujaribu tena. Kisha gia irudishwe frii, injini iwashwe, klachi ikanyagwe kwa sekunde kumi nzima, na rivasi itiwe tena.

Ikiingia vizuri injini ikiwa imezimwa lakini ikakwaruza inapowashwa, hata baada ya kusubiri sekunde hizo kumi, klachi haiachii. Ikiwa ni ngumu hali zote mbili, kasoro inaelekea kuwa kwenye kebo, kijiti cha gia au ndani ya giaboksi yenyewe. Na ikiwa inaingia vizuri baada ya kusubiri, pengine kilichokosekana ni subira, au injini inazunguka kwa kasi kupita kiasi gari linaposimama, jambo ambalo fundi anaweza kulirekebisha.

Kuna ishara moja zaidi ya kuthibitisha. Dereva akanyage klachi mara tatu au nne kwa haraka kisha ajaribu rivasi. Ikikubali sasa ilhali ilikataa mwanzo, hewa imeingia kwenye mfumo wa mafuta ya klachi, au mafuta yanavuja.

Jambo la kwanza la kuangalia ni dogo hata linachekesha: kapeti. Kapeti nene, au mbili zilizowekwa juu ya nyingine msimu wa matope, huzuia klachi kufika mwisho. Sentimita moja au mbili tu zinatosha kuifanya rivasi ikwaruze.

Baada ya hapo, boneti ifunguliwe. Magari mengi ya siku hizi husukuma klachi kwa mafuta yale yale ya breki, ya DOT 3 au DOT 4 kama ilivyoandikwa kwenye kifuniko. Katika baadhi ya magari klachi na breki hutumia kikopo kimoja, kwa hivyo uvujaji wa klachi unaweza kuwa tishio kwa breki pia. Mafuta yakiwa yamepungua, yameenda mahali. Pa kuangalia ni pawili: ndani ya gari, juu ya klachi karibu na miguu ya dereva, ilipo masta silinda, na chini, ubavuni mwa giaboksi, ilipo slevu silinda. Mpira wa slevu ukivutwa kidogo na kutoa majimaji, silinda hiyo imekwisha. Kuongeza mafuta bila kuziba panapovuja ni kuahirisha tu. Na kamwe oili ya injini isimwagwe kwenye kikopo hicho, kwa sababu hufurisha mipira ya ndani na kuharibu mfumo wote.

Klachi inayovutwa kwa kebo haina mafuta ya kuvuja, ila kebo hurefuka au huanza kukatika nyuzi. Marekebisho yake ni ya dakika chache, kwa kipimo kilicho kwenye kitabu cha gari.

Kama mafuta ni sawa na kebo ni nzima, bado klachi yenyewe inaweza kuwa na hitilafu: sahani iliyopinda, presha iliyochoka, au beringi ndogo iliyo mwisho wa shafti kukwama na kuizungusha pamoja na injini. Gari lililokaa muda mrefu uani kwenye unyevu linaweza hata kushika kutu, klachi ikagandamana na gurudumu zito la injini. Kazi hii hulazimu giaboksi ishushwe. Kwa kuwa gharama kubwa ni ile ya kushusha, ni busara kubadilisha sahani, presha na beringi ya klachi kwa mkupuo mmoja kuliko kulipia kazi ile ile mara mbili.

Ikiwa klachi haina lawama

Magari mengi yanayosukumwa na magurudumu ya mbele, kama Probox, huendesha gia kwa kebo mbili. Kebo ikilegea au kibushi cha plastiki mwishoni mwake kikivunjika, kijiti huyumbayumba na hakifiki rivasi. Kwenye pikapu nyingi zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, kijiti husimama juu ya giaboksi moja kwa moja, na kibushi chake cha chini ndicho huliwa. Vibushi hivi ni vya bei nafuu. Maunti ya injini ikikatika nayo huhamisha kila kitu, na gia huanza kugoma hasa gari likiwa na mzigo.

Oili ya giaboksi pia ina lake. Asubuhi za sakitu huifanya iwe nzito, na gia zote huwa ngumu kwa kilomita chache za kwanza. Hilo ni la kawaida likiisha gari linapopata joto. Lisipoisha, kiwango na aina ya oili vikaguliwe. Si kila oili ya gia inafaa kila giaboksi: nyingi za magari madogo hutaka ya daraja la GL-4, na baadhi ya zile za GL-5 hula pete za shaba zilizotajwa hapo juu.

Oili inapomwagwa, mwenye gari asimame pale pale na aangalie. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ya boliti ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ni meno, na hapo giaboksi haina budi kufunguliwa.

Anayetaka kuchungulia chini ya gari asitegemee jeki peke yake; stendi imara ziwekwe kwanza. Naye anayepeleka gari gereji aeleze matokeo ya lile jaribio kabla ya kukabidhi ufunguo: rivasi iliingia injini ikiwa imezimwa au la, kukanyaga klachi mara kadhaa kulisaidia au hakukusaidia, mafuta yalikuwa wapi kwenye kikopo. Fundi atakayesikia hayo na bado akataka kuanza kwa kubadilisha giaboksi, aombwe aonyeshe kwanza kilichovunjika.