Mwaloni wa Ardhi ya Maji

Wengi wetu tumesoma habari za Ibrahimu na mialoni ya Mamre, lakini ni nani aliyepata kuuona mwaloni? Hapa Rebero haumo. Mialoni, ambayo wataalamu huiita Quercus, ni miti ya kaskazini ya dunia. Katika Afrika asili yake ni nchi za kaskazini tu, kama Moroko na Aljeria.

Mmoja wa miti hiyo huitwa Quercus bicolor, yaani wa rangi mbili, kwa kuwa jani lake ni la kijani juu na jeupe chini. Kwao ni mashariki ya Amerika ya Kaskazini, kando ya mito na mabwawa. Kwa nini hauozi? Mizizi nayo huvuta pumzi. Udongo una vitundu vya hewa; maji yakivijaza, miti mingi hufa kwa kukosa hewa, wala si kwa kushiba maji. Mwaloni huu hutandaza mizizi karibu na uso wa ardhi, ukavumilia. Tena mti uliozoea shida hiyo huweza kuishi hata katika udongo ulioshindiliwa wa mjini: huko New York imepandwa zaidi ya 400 penye kumbukumbu ya waliouawa tarehe 11 Septemba 2001.

Sasa turudi kwetu. Mwaka jana chama chetu kilipotaka kupanda miti penye chemchemi, chini ya kilima, mimi nilikuwa wa kwanza kuitaka mikaratusi, kwa kuwa hukua upesi. Bibi mmoja aliyekuja kuchota maji akatuuliza, "Wanangu, hiyo ikishakunywa, sisi tutachota wapi?" Tuliing'oa miche siku ile ile, kwa aibu.

Badala yake tukatafuta umugote, Syzygium guineense, mti wetu wa asili upendao kandokando ya maji. Ni wa jamii moja na mzambarau, na (ajabu!) hata na mkaratusi wenyewe. Matunda yake huliwa, na nyuki hupenda maua yake. Mbegu za kwanza tulizianika dirishani majuma matatu. Haikuota hata moja. Kumbe mbegu hizi hufa zikikauka, kama zile za mwaloni wetu wa Amerika, ambazo huota mara tu zikianguka. Za pili tulizipanda siku ile ile tuliyokula matunda.

Miche 19 iko bondeni. Mbuzi amekula miwili. Ninyi mliomaliza shule, mkipata matunda ya umugote njiani, tuleteeni yangali mabichi.