SOMO LA MWEZI: SHABAHA YA AFYA KWA MWAKA MPYA



Kila ufikapo mwezi wa Januari hatukosi kusikia maneno haya, nyumbani na hata njiani tutokapo kanisani: "Mwaka huu nitaiangalia afya yangu." Ni maneno mema, na atamkaye huwa ana nia ya kweli. Lakini ukimwuliza mtu huyo huyo mwezi wa Aprili amefikia wapi, aghalabu hucheka tu na kubadili mazungumzo.

Sisi tuliofundisha katika vyuo vya ualimu tunadhani tunaijua sababu. Mwanachuo mgeni akiandaa somo lake la kwanza, huandika hivi mahali pa shabaha: "Wanafunzi waelewe mimea." Tulikuwa tukimrudishia daftari na kumwuliza, "Utajuaje kwamba wameelewa?" Basi hurudi akaandika upya: "Mwisho wa somo kila mwanafunzi aweze kutaja sehemu nne za mmea." Hapo sasa ana shabaha, kwa maana kipindi kikiisha ataweza kusema imefikiwa au haikufikiwa.

"Nitaiangalia afya yangu" ni sawa na "waelewe mimea." Haina kosa, ila haina pa kuikagulia. Katika somo hili tutaona jinsi ya kuigeuza iwe shabaha ya kweli. Hatua zake ni tano.

1. Anza kwa kupima

Mwalimu mwema hupima kwanza wanafunzi wanajua nini, ndipo huanza kufundisha. Na sisi hatuna budi kujua tuliko kabla ya kupanga tuendako. Kwa mtu mzima kipimo cha kwanza ni shinikizo la damu, ambalo wengi wetu huliita presha. Kipimo hutoa namba mbili. Namba ya juu ikifika 140 au kuzidi, au ya chini ikifika 90 au kuzidi, na hali ikawa hiyo hiyo katika siku mbili mbalimbali, basi presha iko juu na mganga yapasa aelezwe.

Ubaya wa ugonjwa huu ni ukimya wake. Wengi walio nao hawaumwi kichwa wala hawasikii kizunguzungu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha ya juu duniani hawajui kuwa wanayo. Mwalimu mwenzetu mmoja, mstaafu, alikuwa mwembamba na mwepesi wa kutembea, akawa akitutania sisi wenye matumbo. Hakuwahi kupimwa, kwa kuwa hakuona haja. Kiharusi kilimpata asubuhi moja akiwa anafunga viatu, kikauchukua mkono wake wa kulia, ule ulioandika ubaoni kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya usemi wake. Huko hospitali ndiko aliposikia kwa mara ya kwanza kwamba ana presha. Kwa hiyo, msomaji ambaye hujapimwa kwa muda mrefu, shabaha yako ya kwanza usiitafute mbali: nenda kapimwe kabla ya Januari kwisha, na uulize kama yafaa upimwe sukari pia.

2. Chagua tendo moja linaloonekana

Wengi huandika matokeo wanayoyatamani: "nipungue kilo kumi." Matokeo hayamo mikononi mwetu moja kwa moja, matendo ndiyo yamo. Tena tusichague matendo saba kwa pamoja, maana mwalimu afundishaye mada saba katika kipindi kimoja hafundishi hata moja. Hii hapa mifano ya matendo yanayoweza kuhesabiwa:

(a) Sukari. Ushauri ni kwamba mtu mzima asizidishe kiasi cha vijiko 12 vidogo kwa siku, na ni bora zaidi asivuke 6, pamoja na iliyomo katika soda na vitafunwa. Anywaye vikombe vitatu vya chai kwa vijiko vitatu kila kimoja amekwisha tumia 9 kabla hajagusa kitu kingine. Shabaha: "Vijiko viwili kwa kikombe mwezi wa Januari, kimoja mwezi wa Februari."

(b) Chumvi. Kipimo ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani isifike kijiko kidogo cha chai, kwa vyakula vyote vya siku hiyo. Shabaha: "Kopo la chumvi halitawekwa mezani."

(c) Kutembea. Mtu mzima anahitaji dakika 150 kwa juma, kwa mwendo unaoongeza pumzi kidogo. Ni nusu saa kwa siku tano. Kulima shamba na kuchota maji huhesabiwa pia, hivyo mama aliyeshinda na jembe asijione mvivu kwa kuwa hakukimbia barabarani.

(d) Mboga na matunda. Angalau gramu 400 kwa siku, ambazo ni kama mafungu matano. Mchicha, matembele, kisamvu, papai na chungwa vimo. Viazi na mihogo havimo katika hesabu hii. Shabaha: "Hakuna mlo wa jioni usio na mboga za majani."

(e) Dawa. Aliyeandikiwa dawa za presha au kisukari, shabaha yake kubwa ni kumeza kila siku kama alivyoagizwa. Asiache kwa sababu amejisikia vizuri. Huenda anajisikia vizuri kwa sababu ya dawa hizo hizo. Zikimsumbua, amwambie mganga.

3. Lifunge tendo kwenye jambo ulilolizoea

Shuleni kengele ndiyo iliyotukumbusha, si akili zetu. Tafuta kengele yako. "Nitatembea nikipata nafasi" haitoshi, kwani nafasi haiji. "Nikishamaliza chai ya asubuhi nitatembea hadi sokoni na kurudi," hiyo ina kengele ndani yake. Vivyo hivyo anayesahau dawa aziweke karibu na mswaki, mahali ambapo watoto hawafiki.

4. Jipe muda, na ukague

Mwaka 2009 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha uchunguzi juu ya watu 96, ambao kila mmoja alichagua tendo moja dogo la kula, kunywa au mazoezi, akalirudia kila siku baada ya jambo fulani la kawaida. Tendo lilichukua muda gani hata likawa mazoea? Mtu wa katikati alihitaji siku 66. Mwepesi zaidi alihitaji 18, na kwa aliye mzito zaidi ilikadiriwa 254. Tena waliona kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi.

Hesabu siku 66 tangu Januari mosi, utafika Machi 7, wakati ambapo mara nyingi tumekwisha ingia Kwaresima. Kwa hiyo anayekata tamaa Januari 20 ameondoka darasani kipindi kikiwa katikati. Chukua karatasi, chora mraba kwa kila siku, uweke alama siku uliyotenda, na uitundike mahali utakapoiona. Siku ukikosa, uache mraba wazi na kesho uendelee. Kila mwisho wa mwezi ukague. Miraba mingi ikiwa wazi, huenda tendo lilikuwa kubwa mno: basi nusu saa iwe robo saa, lakini lisiachwe.

5. Usiwe peke yako

Wazee wenzetu wa Tanzania watakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi vya kusoma, wakasikiliza vipindi vya redio, wakasoma kitabu, wakazungumza juu ya malaria, safura, kichocho na magonjwa mengine ya mahali pao. Lakini mazungumzo hayakuwa mwisho wa kazi. Kikundi kiliulizana, "Sasa tufanye nini hapa kwetu?" Ndipo vyoo vikachimbwa na majani yakafyekwa. Jirani alijua jirani yake ameahidi nini.

Jambo hilo bado lafaa. Kikundi cha akina mama, wanakwaya, au mtu na mkewe, waambiane shabaha zao na waulizane kila juma. Apikaye nyumbani ahusishwe tangu mwanzo, maana baba hawezi kupunguza chumvi kwa maneno matupu huku mama akipika kama jana. Wala mama asiachiwe mzigo wa kukumbusha kila mtu. Kila mmoja atunze karatasi yake.

Tahadhari

Mwenye kuumwa kifua, kukosa pumzi, au ugonjwa wa muda mrefu, aonane na mganga kabla ya kuongeza mazoezi. Hali kadhalika mama mjamzito na mgonjwa wa kisukari wasibadili sana chakula chao bila kuuliza.

Zoezi la nyumbani

1. Mara ya mwisho ulipimwa presha lini? Uliambiwa namba gani?
2. Andika tendo moja tu utakalolitenda, kwa kiasi kinachoweza kuhesabiwa.
3. Litafuata jambo gani ambalo tayari unalifanya kila siku?
4. Ni nani atakayekuuliza habari zake mwisho wa juma hili? Mwambie leo, kabla hujaliweka gazeti hili.