Dondoo muhimu: Kula bila kukabwa

Mazoea mabaya ya mezani hayaachwi yote kwa siku moja. Anza na haya leo usiku.

1. Samaki mwenye miba mle kwa mkono, kwenye mwanga. Kidole huuona mwiba kabla ya koo.
2. Mwiba ukikwama, usimeze tonge la kuusukuma. Shangazi atakuwa ameshalifinyanga, kubwa kama yai. Likatae kwa heshima, maana laweza kuuzamisha zaidi. Kohoa taratibu, na mwiba usipotoka nenda zahanati.
3. Meza kwanza, ndipo ucheke. Uji wa moto ukipita puani, hutasahau.
4. Onja mchuzi kabla ya kugusa chumvi: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai.
5. Punguza sukari ya chai nusu kijiko kila wiki. Ukiacha ghafla huenda ukairudia kwa pupa.
6. Simu iwe mbali. Nimemwona mtu akichovya chapati kwenye glasi ya maji, macho kwenye skrini, akatafuna na kumeza.
7. Banda la chipsi likikushinda, badili njia ya kurudi nyumbani.