Maji Hupita Wapi Ndani ya Mnara wa Mifupa?

Kurasa hizi zimezoea ngeli na mashairi. Leo naomba nafasi nieleze jambo la fizikia, maana anayesema Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi hajakijaribu.

Sisi wa Manga tuna chemchemi milimani. Wenzetu wa Bonde la Ufa, hasa sehemu za Nakuru, wana visima vyenye floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkeno. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa maji yaliyozidi hapo wakati meno yake yanakua, meno huota na madoa ya kahawia ambayo hayatoki hata usugue vipi. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa hulemaa.

Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imetengeneza machujio ya kuondoa floraidi hiyo. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, huvunjwa iwe punje, kisha punje hujazwa ndani ya mtungi. Maji hupita katikati ya punje na floraidi hunaswa. (Wako wasiotaka maji yaliyopita kwenye mifupa, lakini hilo tuwaachie wenyewe.) Viwandani pia iko minara iliyojazwa punje au vipande namna hii, mingine mirefu kushinda nyumba.

Sasa hebu tupige hesabu. Tuseme punje zimejaza lita 100, na nafasi tupu kati yake ni asilimia 40, yaani lita 40. Tukipitisha lita 20 kwa saa, maji yatakaa ndani saa 2. Vizuri. Lakini maji ni mvivu, hutafuta njia rahisi. Tuseme kando ya ukuta kuna upenyo wa lita 2 tu, na nusu ya maji yanapita hapo. Lita 2 kwa mwendo wa lita 10 kwa saa ni dakika 12! Yale mengine yatakaa saa 3 na dakika 48. Ukitafuta wastani, bado ni saa 2. Hapo ndipo wastani unapotudanganya. Kama kisima kina miligramu 6, na maji ya upenyoni yamepunguziwa thuluthi moja tu, yatatoka na 4. Yakichanganyika na yale safi kabisa, ndoo itakuwa na 2. Mama anachota akidhani yamechujwa, kumbe yamepita kikomo.

Kanuni za zamani hazioni upenyo huo. Mfaransa Henry Darcy alipima maji yakipita katika mchanga mjini Dijon, akachapisha kanuni yake mwaka 1856. Sabri Ergun alitoa nyingine mwaka 1952. Zinatufaa sana: kwa maji yaendayo polepole, ukipunguza upana wa punje kwa nusu, unahitaji kanieneo mara nne. Ila zinauchukulia mnara kama kitu kimoja, sawasawa kote. Kumbe punje zikigusa ukuta hazipangiki vizuri, huacha nafasi. Ndiyo sababu wahandisi hutaka mtungi uwe na upana wa angalau punje kumi.

Kompyuta huingia hapa. Programu hudondosha punje za kuigiza ndani ya mtungi wa kuigiza, kama maharagwe ndani ya debe. Kisha hukatakata nafasi tupu kuwa vyumba vidogo, hata mamilioni. Kila chumba hufuata mambo mawili: maji yanayoingia lazima yatoke, na mwendo ufuate sheria ya Newton.

Mfano mwepesi nimeufanya kwenye daftari la hesabu lenye miraba. Mstari wa juu niliandika 100, wa chini 0. Kila mraba wa kati nikaupa wastani wa majirani zake, nikarudia mpaka namba zikatulia. Mraba mmoja niliuweka jiwe, nisiuhesabu kama jirani. Namba zilipinda kando yake, na unaona kabisa maji yanavyolizunguka. Miraba 25 ilinimalizia jioni nzima, sembuse milioni!

Hata hivyo kompyuta haiaminiwi hivi hivi. Maji ya chumvi humiminwa juu ya mtungi halisi, na saa huangaliwa. Chumvi ikianza kutokea mferejini baada ya dakika 12, upenyo upo.